Wanawake na Elimu ya Miamba

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima

Leo somo letu tunalielekeza kwanza kwa wanafunzi wa Nangara, hapa mjini Babati, na kwa wengine wote waliokaa pamoja karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali chukua chaki uandike ubaoni maneno mawili. Neno la kwanza ni JIOLOJIA. Neno la pili ni LESENI. Wanafunzi, msiyanakili bado. Sikilizeni kwanza, maana yake itakuja polepole.

Jiolojia ni elimu ya miamba, udongo na madini, na ya namna dunia ilivyojengwa. Mtu aliyesomea elimu hiyo huitwa mwanajiolojia. Labda mtu atasema, elimu hiyo inatuhusu nini sisi wakulima na wafugaji? Inatuhusu sana. Mlima Kwaraha mnaouona kila siku ulikuwa volkano, yaani mlima wa moto, nao ulizimika zamani kabla ya watu kuuona. Mlima Hanang nao ni volkano. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Hanang yakaangukia Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kuna watu wa Babati waliofiwa siku ile. Kujua ni upande gani wa mlima umelegea, na maji ya mvua yanapita wapi chini ya udongo, ni kazi ya mwanajiolojia.

Tena kuna Minjingu. Mbolea ya Minjingu mnaijua, wengine mmeitia katika mahindi yenu. Mwamba ule wa fosfati uligunduliwa mwaka 1956, na waliougundua walikuwa wakipita angani kwa ndege wakitafuta madini mengine, yaani urani. Na kuna maji. Katika sehemu nyingi za Manyara na Arusha maji ya kisima hutoka katika miamba ya volkano yakiwa na floridi nyingi. Floridi ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na ikizidi zaidi hata mifupa hudhurika. Nani anayechota maji hayo? Nani anayeyapika, anayemnywesha mtoto? Nyote mnajua jibu.

Sasa lisikilizeni jambo la ajabu. Elimu hii inamhusu mwanamke tangu asubuhi mpaka jioni, lakini kwa muda mrefu mwanamke hakuruhusiwa kuisoma, wala kuifanyia kazi, wala kuandikwa jina lake mahali inapoandikwa. Hata leo, ukienda mgodini au katika darasa la jiolojia, utakuta wanaume ni wengi kuliko wanawake. Historia ya jambo hilo ndiyo somo letu la leo.

Watu wengi hujibu upesi kwamba mwanamke hana nguvu, na mawe ni kazi ya nguvu. Jibu hilo ni jepesi mno. Jiwe la kusagia nafaka lilisukumwa na nani kabla ya mashine kuja? Udongo wa kufinyangia vyungu ulichaguliwa na nani? Mfinyanzi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alijua udongo gani hupasuka motoni na udongo gani hustahimili, na alijua mahali pa kuuchimba. Hiyo ni elimu ya miamba, ingawa hakuna aliyeiita hivyo wala kumpa cheti. Kwa hiyo tusitafute sababu katika mikono ya mwanamke. Tuitafute katika milango aliyofungiwa.

Twende kwanza Uingereza, kwa sababu baadhi ya milango hiyo ilitengenezwa huko, kisha ikaletwa kwetu pamoja na serikali ya Waingereza.

Mwaka 1799 alizaliwa msichana mmoja katika mji wa Lyme Regis, kando ya bahari. Jina lake Mary Anning. Baba yake alikuwa seremala maskini, naye alikufa mwaka 1810 akaacha madeni. Msichana huyo hakupata shule kubwa. Alijifunza kusoma na kuandika katika shule ya Jumapili ya kanisa lao, siku moja tu katika juma. Kazi yake ilikuwa kutafuta visukuku katika majabali ya pwani na kuviuza. Visukuku ni mabaki ya wanyama au mimea ya kale sana yaliyogeuka kuwa jiwe. Akiwa bado mtoto, yeye na kaka yake walipata mifupa ya mnyama mkubwa wa baharini aliyetoweka duniani. Mwaka 1823 akapata mnyama mwingine mwenye shingo ndefu ambaye wataalamu hawakuwahi kumwona mzima namna ile. Wataalamu walikuja, wakanunua, wakaenda London kuandika na kusoma makala mbele ya Chama cha Wanajiolojia, mara nyingi bila kumtaja.

Mary Anning hakukaa kimya akasubiri kusifiwa. Aliazima makala za wataalamu hao akazinakili kwa mkono wake, neno kwa neno, na michoro yake pia, ili ajue wanasema nini juu ya mawe aliyoyachimba yeye. Ninyi mnaonakili maneno kutoka ubaoni mtamwelewa mama huyu. Alikufa mwaka 1847. Chama kile cha London, kilichoanzishwa mwaka 1807, kilikataa kuwa na wanachama wanawake mpaka mwaka 1919, yaani miaka 72 baada ya kifo chake.

Huko Marekani hali haikuwa tofauti sana. Bibi Florence Bascom alipokwenda kusoma jiolojia katika chuo kikuu cha Johns Hopkins alikalishwa nyuma ya pazia la mbao, ili wanaume darasani wasimwone. Alisikiliza masomo kutoka nyuma ya pazia hilo, akapata shahada ya udaktari mwaka 1893. Mwaka 1896 akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na idara ya serikali ya Marekani inayopima miamba. Akina mama, fikirini kidogo. Pazia lile halikuongeza elimu ya mtu yeyote mle darasani.

Mlango mwingine ulikuwa wa sheria. Zamani wanawake wa Uingereza walifanya kazi chini ya ardhi katika machimbo ya makaa ya mawe, pamoja na watoto wadogo. Walivuta mikokoteni gizani kwa minyororo iliyofungwa viunoni. Mwaka 1838 maji ya mvua yaliingia katika shimo moja huko Yorkshire yakaua watoto 26, wavulana kwa wasichana. Watu walishtuka, serikali ikafanya uchunguzi, na mwaka 1842 Bunge likapitisha sheria ya kuwakataza wanawake na wasichana wote, na wavulana wasiotimiza miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Nia ilikuwa njema. Lakini tazameni namna sheria ilivyopanga watu: mvulana hukua, akatoka katika orodha ya watoto. Mwanamke hatoki. Aliwekwa pamoja na watoto maisha yake yote, tena mshahara wake ukapotea.

Mwaka 1935 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa Mkataba namba 45, ambao ulisema kwamba mwanamke wa umri wowote asiajiriwe kazi ya chini ya ardhi katika mgodi. Uingereza iliukubali mwaka uliofuata, na Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru iliukubali nayo, mwaka 1962. Mkataba ule uliruhusu nchi kuwaacha wanawake wachache waingie: msimamizi asiyefanya kazi ya mikono, mwenye kazi ya afya, mwanafunzi aliye katika mafunzo, au mtu aliyeingia kwa muda mfupi kwa kazi isiyo ya mikono. Yaani mwanamke aliyesoma angeweza kupata njia, na mwanamke mwenye sururu akakatazwa. Lakini aliyesoma angetoka wapi, ikiwa shule nazo zilikuwa zimefungwa? Mkataba huo uliishi muda mrefu. Ulifutwa rasmi na Shirika hilo mwezi wa Juni 2024. Hiyo si historia ya mababu. Ni juzi tu.

Sasa turudi nyumbani. Idara ya serikali ya kupima miamba ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, makao yake yakiwa Dodoma, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Edmund Teale. Wanajiolojia wake wa mwanzo walikuwa wanaume wa Kizungu. Walisafiri kwa miguu miezi mingi, wakilala katika mahema, na Waafrika wakibeba mizigo, wakichimba, na kuonyesha njia na maji. Ramani zilipochapishwa zilikuwa na majina ya Wazungu. Kwa hiyo lazima tuseme kweli: Mwafrika mwanamume naye alifungiwa mlango wa elimu hii. Lakini yeye alikuwa ameachwa ukumbini. Mwanamke wa Kiafrika alikuwa nje ya ua.

Mwanamke aliyekuja kujulikana kuliko wengine katika kazi ya mawe nchini mwetu alikuwa Mwingereza, Bibi Mary Leakey. Alizaliwa mwaka 1913. Shuleni alikuwa mtukutu, akafukuzwa, wala hakupata cheti chochote. Alipofikiri kuingia chuo kikuu cha Oxford, mama yake aliambiwa na profesa mmoja kwamba haifai hata kujaribu. Basi akawa anahudhuria mihadhara ya jiolojia na ya elimu ya mambo ya kale mjini London bila kuandikishwa kwa shahada, na akajifundisha kuchora vitu vilivyochimbwa. Kuchora ndiko kulikomletea kazi, na kazi ikamletea mume, Bwana Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya.

Mwaka 1951 bibi huyu alikuwa jirani yetu. Ukishika barabara kutoka Babati kwenda Dodoma, ukapita Bereko, utafika Kolo. Huko, katika vilima vya Kondoa, kuna michoro ya kale juu ya majabali: watu, twiga, tembo, na alama nyingine nyingi. Mary Leakey na mumewe walikaa huko miezi kadhaa, naye akainakili michoro hiyo kwa uangalifu mkubwa. Leo mahali hapo ni urithi wa dunia, tangu mwaka 2006.

Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Louis Leakey alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Mary alitoka na mbwa wake kutazama miteremko. Akaona kipande cha mfupa kikichomoza katika udongo, kisha meno mawili makubwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya watu wa kale lenye umri unaokaribia miaka milioni mbili. Aliyeliona ni Mary. Lakini aliyesafiri duniani kulitangaza, aliyeandikwa katika magazeti na kupigwa picha, zaidi alikuwa Louis. Hata hivyo Mary aliendelea. Mwaka 1978, huko Laetoli, kundi lake lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita. Vyuo vikuu vikubwa vikampa shahada za heshima, na Oxford ile ile ikawa mojawapo, mwaka 1981. Alikufa mwaka 1996.

Lakini tusimsifu Mary Leakey tukasahau jambo moja. Yeye alikuwa na gari, kambi, mume mwenye jina, na rangi ya watawala. Waafrika waliochimba pamoja naye walikuwa na macho makali kama yake au kumzidi. Mmoja wao, Bwana Kamoya Kimeu wa Kenya, alijulikana baadaye duniani kote. Lakini hata miongoni mwao, walioshika nyundo na brashi walikuwa wanaume. Mwanamke Mwafrika alikuwa bado hajaitwa.

Ili aitwe, ilipasa shule zifunguke kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kama chuo cha sheria kilikuwa na wanafunzi 14. Kumi na watatu walikuwa wanaume na mmoja mwanamke, Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Masomo ya jiolojia yalikuja chuoni hapo baadaye. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilisema kwamba vijana wamalizapo sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia hapa pia ilikuwa njema, kumwondolea msomi kiburi. Ikawa nini? Wasichana walikwenda kufanya kazi, wakaolewa, wakazaa, na hawakurudi. Idadi yao ikashuka, hata mwaka 1976 serikali ikawaruhusu wanawake waingie moja kwa moja. Tena mwaka 1997 chuo hicho kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia kufaulu masomo ya sayansi, ili wapate nafasi ya pili ya kuingia.

Mimi nayapenda mafunzo hayo ya mwaka 1997 kuliko hotuba nyingi. Msichana aliyekosa alama chache kwa sababu shuleni kwake hapakuwa na maabara, au kwa sababu kila jioni aliteka maji wakati kaka yake akisoma, alipewa majuma machache ya kufundishwa vizuri. Wengi walifaulu wakaingia.

Katika kizazi cha kwanza cha wanawake Watanzania waliofika mbali katika elimu hii yumo Profesa Evelyne Mbede, aliyefundisha jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1991 alichapisha maelezo ya mabonde ya mashapo ya Tanzania nzima. Mashapo ni mchanga na tope lililotuama, tabaka juu ya tabaka, na humo ndimo wataalamu hutafuta mafuta na gesi. Mwaka 2001 akaandika juu ya bonde la ufa la Pangani, huku kwetu kaskazini, akieleza namna ardhi ilivyoinuka. Miaka sabini na tano hivi baada ya wazungu wale wa Dodoma kuanza kutembea na mahema yao, mwanamke Mtanzania akawa anaandika kitabia cha nchi yake, na jina lake likasimama juu ya maandishi.

Sasa tufike Mererani. Mahali hapo ni pa mkoa wetu wenyewe, wilaya ya Simanjiro. Tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967, na mpaka leo haijapatikana mahali pengine duniani. Wachimbaji walijaa, mashimo yakawa mamia ya mita kwenda chini. Wanawake hawakutakiwa katika mashimo. Wengine walisema mwanamke akishuka, hasa akiwa katika siku zake, jiwe hukimbia. Imani hiyo mtaisikia pia kwenye dhahabu huko Ziwani. Sina haja ya kubishana nayo hapa, lakini tazameni matokeo yake: mwenye kukatazwa shimo hukatazwa pia mgawo wa jiwe.

Basi palitokea mwanamke mmoja aitwaye Bibi Pili Hussein. Baba yake alikuwa mfugaji mwenye wake sita na watoto 38. Pili aliolewa, akateswa na mume, na alipokuwa na miaka 31 alikimbia. Akafika Mererani. Alipoona wanawake hawaingii, alichukua suruali kubwa akaikata ikawa kaptura, akavaa kama mwanamume, akajiita Hussein. Vijana wakamwita Mjomba Hussein. Alishuka mita 600 chini ya ardhi, akafanya kazi saa 10 mpaka 12 kwa siku, akichimba na kuchekecha, akitafuta jiwe la buluu katika madini meusi ya kinywe. Alikaa hivyo karibu miaka 10 na hakuna aliyemgundua.

Baada ya mwaka mmoja hivi alipata mawe makubwa, mara mbili. Akawajengea nyumba baba yake, mama yake, na dada yake pacha. Akanunua vifaa, akaajiri wachimbaji. Siri ilifichuka kwa njia ya uchungu. Mwanamke mmoja wa mahali pale alisema amebakwa na wachimbaji, na Mjomba Hussein akakamatwa pamoja na wanaume wengine. Hapo ikambidi awaambie polisi kwamba yeye ni mwanamke, ndipo akaachiliwa. Hata baada ya hapo wenzake wengi hawakusadiki, mpaka alipoolewa mwaka 2001 na kupata watoto.

Wengi wakisikia habari hii hucheka. Mimi siwezi kucheka sana. Miaka 10 mtu alificha jina lake na sauti yake ili aruhusiwe kufanya kazi ambayo mikono yake iliiweza tangu siku ya kwanza. Kama mikono ndiyo iliyokuwa sababu, angegunduliwa kwa mikono, siku ile ile.

Alipozungumza na redio ya BBC mwaka 2017, Bibi Pili alikuwa na kampuni yenye wafanyakazi 70. Watatu kati yao walikuwa wanawake, nao walikuwa wapishi. Alisema mwenyewe kwamba wanawake wameongezeka katika kazi ya madini, wengine wakisafisha mawe, wengine wakiwa madalali, lakini wanaoshuka shimoni ni wachache.

Na hivyo ndivyo ilivyo katika machimbo mengi ya Afrika Mashariki. Kule Kamituga, mashariki ya Kongo, wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu huitwa mama twangaise. Neno hilo limetoka katika neno letu la kutwanga, likavishwa mkia wa Kifaransa. Mwanamke anatwanga jiwe kama anavyotwanga nafaka, naye hulipwa kidogo. Mwenye shimo ni mwingine.

Mwenye shimo ni nani? Hapo tunafika kwenye neno letu la pili la ubaoni, LESENI. Leseni ni karatasi ya serikali inayosema fulani ana ruhusa ya kuchimba mahali fulani. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka leseni ya uchimbaji mdogo kwa Watanzania tu, mwanamume au mwanamke bila ubaguzi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Tangu mwaka 1997 wanawake wachimbaji wana chama chao, kinachoitwa TAWOMA, cha kusaidiana katika mambo ya leseni, mikopo na masoko. Kuanzia mwaka 2017 mpaka 2019 Waziri wa Madini mwenyewe alikuwa mwanamke, Bibi Angellah Kairuki, mwanasheria.

Kwa hiyo katika karatasi za sheria mlango umefunguka. Lakini leseni huandikwa jina. Fomu ina nafasi ya kujaza, ina ramani, ina tarehe ya kulipa ada, na ukichelewa unaweza kuipoteza. Mama asiyejua kusoma humwomba ndugu au mume amjazie, na mara nyingine jina linaloandikwa si la mama. Ninyi wa Nangara mnaokuja darasani jioni, mguu mmoja umechoka na mwingine una matope ya shamba, mnajua kwa nini mnakuja.

Na watoto wenu je? Jiolojia haisomwi sekondari kama somo la peke yake. Sehemu yake imo katika Jiografia. Lakini anayetaka kuisoma chuo kikuu anahitaji masomo ya sayansi: Fizikia, Kemia, Hisabati. Kwa miaka mingi, mwanafunzi alipofika kidato cha tatu aliruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Wavulana waliacha, na wasichana waliacha zaidi. Hakuna aliyewafukuza. Hapakuwa na pazia kama lile la Bibi Bascom. Msichana wa miaka 16 aliambiwa na shangazi, au na mwalimu, au na rafiki, kwamba Fizikia ni ya wavulana, naye akaona heri apumzike. Siku hiyo mlango wa jiolojia ulifungwa, wala hakusikia ukifungwa. Mlango wa namna hii ni mgumu kuliko wa sheria, maana hauna tarehe ya kuufuta.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yamesaidia. Mwaka 2016 ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa kuzaa anaweza kurudi shuleni. Zamani alifukuzwa, na yule aliyempa mimba, kama alikuwa mwanafunzi, mara nyingi aliendelea na masomo yake.

Bibi Pili Hussein aliwasomesha watoto zaidi ya 30 wa ukoo wake kwa fedha ya tanzanaiti. Alipoulizwa juu ya binti yake, alisema anaona fahari kwa kazi aliyoifanya, ila ilikuwa ngumu sana kwake, na anataka binti yake asome, aendeshe maisha yake kwa njia nyingine, mbali na yale yaliyompata mama yake.

Sasa wanafunzi, nakilini yale maneno mawili, kila neno mara tatu. Chini yake kila mtu aandike jina lake kamili, kama angeliandika katika fomu ya serikali. Mwalimu atapita kutazama herufi kubwa mwanzoni mwa kila jina.

Kisha zungumzeni maswali haya. La kwanza: katika mtaa wenu, nani alichagua mahali pa kuchimba kisima, na nani aliulizwa? La pili: kuna msichana yeyote mnayemjua anayesoma Fizikia sasa? Kama yupo, jioni nani anateka maji nyumbani kwao?

Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutasoma habari za barabara kuu ya kaskazini, ile inayopita hapa Babati, na watu walioijenga. Kwaherini.